Namna Ubongo Uonavyo Mwendo

Kuona kitu kinachokwenda ni jambo ambalo kuku na paka hulifanya bila ya kufundishwa, na binadamu hulifanya tangu alfajiri hadi usiku bila ya kulifikiri. Walakini ndani yake mna suala lililowashughulisha wanazuoni kwa karne nyingi, nalo ni hili: je, mwendo huonwa na jicho kama vile rangi ionwavyo, au hukisiwa na akili baada ya jicho kuiletea habari kwamba kitu kilikuwa hapa na sasa kipo pale? Wanaoshika kauli ya pili husema kuwa mwendo wenyewe hauonekani, bali ni hukumu itolewayo juu ya mahali pawili na nyakati mbili. Wanaoshika kauli ya kwanza husema kuwa mwendo ni hisi kamili, yenye mahali pake ubongoni, na kwamba mtu aweza kuupata hali hakuna kilichohama, au kuukosa hali kitu kimehama mbele ya macho yake. Ushahidi uliokusanywa katika miaka mia mbili iliyopita umeielemea kauli ya kwanza, ingawa, kama itakavyodhihiri, waliotangaza ushindi wake walitangaza zaidi ya walivyopata.

Kauli ya hukumu ina wazee wakubwa. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi yake kubwa mjini Kairo katika zama za Mafatimi na kufariki karibu na mwaka 1040, alihesabu katika Kitab al-Manazir mambo 22 ambayo uoni huyatambua katika vitu, yakiwamo umbali, ukubwa, umbo, mwendo na utulivu. Juu ya mwendo alifundisha kwamba jicho haliutambui ila kwa kukiona kitu mahali pawili katika nyakati mbili, na kwamba kwa hiyo hapana budi upite muda wa kuhisika katikati yake. Ni fundisho lililopangwa kwa hoja safi, na sehemu yake moja, ile isemayo kuwa uoni hupima mwendo wa kitu kwa kukilinganisha na kingine, haijatenguka mpaka leo: usiku wa mawingu huuona mwezi ndio ukimbiao na mawingu yametulia, kwa sababu ubongo una desturi ya kukipa utulivu kile kikubwa kinachozunguka, na kukibebesha mwendo kile kidogo kilichozungukwa.

Dosari ya fundisho hilo ilikuwa ikijionyesha tangu zamani kando ya maji yaendayo kasi. Aristotle, katika risala yake juu ya ndoto, alitaja kwamba mtu aliyeutazama mto wenye mkondo mkali, akiyahamisha macho, huviona vitu vilivyotulia kuwa vinakwenda. Mwaka 1834 Robert Addams, akiwa matembezini kwenye maporomoko ya Foyers huko Uskoti, aliyakazia macho maji yaangukayo, kisha akayageuzia majabali ya kando, akayaona majabali yanapanda juu. Siku hizi hueleza wataalamu kwamba seli za ubongo zinazoshuhudia mwendo wa kushuka huchoka kwa kutumikishwa, na zile zinazoshuhudia kupanda, ambazo hazikuchoka, hubaki na sauti kubwa kuliko haki yao. Lakini hata kabla ya maelezo hayo, kisa chenyewe kilitosha kuwatia wasiwasi watu wa hukumu, kwani majabali yale hupanda wala hayafiki popote. Mtazamaji huuona mwendo, na papo hapo huona kwamba hakuna kilichoondoka mahali pake. Kama mwendo ungekuwa ni natija tu ya kuhama, mambo haya mawili yasingeweza kukaa pamoja katika kichwa kimoja.

Sigmund Exner wa Vienna alilitia jambo hili mizanini mwaka 1875 kwa kutumia cheche mbili za umeme, moja ikiifuata nyingine. Zilipokuwa mbali mbali, mtazamaji alihitaji mwachano wa takriban milisekunde 45, yaani sehemu 45 za elfu ya sekunde, ndipo aweze kusema ipi iliyotangulia. Zilipokaribiana hata zikaonekana kama cheche moja irukayo, aliutambua upande wa mruko hata mwachano uliposhuka hadi milisekunde 15 hivi. Maana yake ni kwamba mtu huweza kuuona mwendo utokao hapa kwenda pale kabla hajaweza kujua kuwa hapa palitangulia pale; na hukumu haiwezi kutangulia ushahidi unaodaiwa kuizaa. Max Wertheimer, mjini Frankfurt, alichapisha mwaka 1912 majaribio ya mistari miwili inayowaka na kuzimika kwa zamu, akionyesha kuwa mwachano wa milisekunde 60 hivi humfanya mtazamaji auone mstari mmoja ukihama, na kwamba nyakati nyingine huonekana mwendo mtupu usio na kitu kinachokwenda. Sinema, pamoja na picha zake 24 za kila sekunde ambazo hata moja haitikisiki, hula mkate wake kwa udhaifu huu wa macho, kama udhaifu ndilo jina lake.

Basi ikiwa mwendo ni hisi, hisi hii hutengenezwaje kwa seli ambazo kila moja haijui ila kwamba nuru imezidi au imepungua mbele yake? Jibu la kwanza lililo timamu lilitoka kwa fukusi. Bernhard Hassenstein, mwanabiolojia wa Kijerumani, na mwenzake Werner Reichardt, mwanafizikia, walimshikiza mdudu huyo mgongoni asiweze kwenda popote, wakampa miguuni kitufe chepesi chenye njia panda, nacho kikawa kikizunguka chini yake kila alipodhani anatembea, huku mistari myeusi na myeupe ikipitishwa mbele ya macho yake. Kwa kuhesabu ni mara ngapi alichagua kulia au kushoto katika njia panda, waliandika mwaka 1956 kanuni ya hesabu ambayo bado inafundishwa. Tuwafikirie mabawabu wawili wa milango miwili ya njia moja, kila mmoja akimpelekea kadhi mjumbe mara apitapo mtu, na mjumbe wa bawabu wa kwanza ni mzee aendaye polepole, wa pili ni kijana mwepesi. Mtu akipita mlango wa kwanza kisha wa pili, wajumbe wote wawili hufika kwa kadhi pamoja, na kadhi akiwaona pamoja hutamka. Mtu akipita kinyume, kijana hufika zamani na mzee yungali njiani, na kadhi hunyamaza. Hayo tu yatosha, yaani kuchelewesha habari moja na kuikutanisha na nyingine, kuwafanya mabawabu wasiojua chochote juu ya mwendo wazae kadhi aujuaye.

Horace Barlow na William Levick walionyesha mwaka 1965 kwamba retina ya sungura, ule utando wa ndani ya jicho unaopokea nuru, ina seli za namna hiyo, ila zao hufanya kazi zaidi kwa kukataza mwendo wa kinyume kuliko kwa kuusifu ule unaotakiwa. Kwa kima na binadamu kazi hii aghalabu huachiwa gamba la ubongo, kisogoni, ambako habari hufika kwa neva yenye nyuzi zipatazo milioni moja kwa kila jicho. Kisa cha kugunduliwa kwa seli hizo katika paka ni cha bahati. David Hubel na Torsten Wiesel, mjini Baltimore mwaka 1958, walikuwa wakiisikiliza seli moja kwa masaa bila ya kupata jibu la maana kwa madoa waliyomwonyesha mnyama, mpaka walipokuwa wakiingiza kipande cha kioo katika mashine ya kuonyeshea picha, seli ikapiga kelele mfululizo. Kumbe kilichoiamsha hakikuwa doa, bali kivuli chembamba cha ukingo wa kioo kilichopita pazia kwa upande mmoja. Kazi iliyoanzia hapo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Lakini seli hizi za mwanzo zina upungufu mmoja mkubwa. Kila moja huutazama ulimwengu kupitia kitundu kidogo, na kitundu hudanganya. Msomaji akate tundu la duara katika karatasi na kupitisha nyuma yake ukingo wa rula iliyolazwa mshazari, ambayo ncha zake hazionekani: rula ikienda kulia, au ikienda chini, ndani ya tundu ataona mwendo ule ule mmoja, wa kukatiza ukingo kwa pembemraba. Hivyo kitu kimoja kikubwa chenye kingo za kila namna, tuseme jahazi lipitalo na foromali yake iliyoinama, mlingoti wake uliosimama na ubavu wake uliopinda, huletwa kisogoni na mashahidi wengi, kila mmoja mkweli kwa alichokiona na kila mmoja amekosea upande jahazi liendako. Wa kuwapatanisha mashahidi hao yupo hatua za mbele, katika eneo dogo la pembeni mwa ubongo ambalo Semir Zeki wa London alilieleza kwa kima katika miaka ya mwanzo ya 1970 na likaja kuitwa V5, na ambalo John Allman na Jon Kaas walikuwa wameliona mwaka 1971 katika kima wa Amerika na kuliita MT. Takriban seli zote za hapo hujibu upande wa mwendo na hazijali rangi ya kinachokwenda. Christopher Pack na Richard Born walichapisha mwaka 2001 jambo linalopendeza kulifikiri: seli hizi, zikionyeshwa mistari ya mshazari, kwanza hufuata ushahidi wa kingo, yaani hukosea pamoja na mashahidi, kisha kwa muda wa milisekunde 60 hivi hugeuka na kuushika upande wa kweli. Rai hubadilika ndani ya ubongo kabla mwenye ubongo hajapata habari.

Kwamba seli hizi ndizo zinazoamua anachokiona mnyama, wala si watazamaji tu wa kazi ifanywayo penginepo, kulithibitishwa na William Newsome na wenzake huko Marekani. Walimfundisha kima kutazama wingu la nukta, nyingi zikirukaruka ovyo na chache zikienda upande mmoja, na kuonyesha kwa macho upande aliouona. Mwaka 1990 walieleza kwamba walipopitisha umeme hafifu kwa uzi mwembamba wa madini katika kundi dogo la seli za eneo hilo ambazo zote zilipenda mwendo wa, tuseme, kwenda juu, kima alielekea kujibu kuwa nukta zinakwenda juu hata zilipokuwa haziendi huko. Mwendo ulitiwa ubongoni kwa waya. Sijui hoja ambayo mtu wa hukumu angeweza kuitoa mbele ya kisa hiki bila ya kulazimika kuibadili kauli yake.

Sisi binadamu hatukufanyiwa hayo kwa makusudi, ila maradhi yalifanya. Mwaka 1983 Josef Zihl na wenzake wawili wa Munich walieleza habari za mwanamke mwenye umri wa miaka 43 ambaye, miaka michache kabla yake, aligandiwa na damu katika mshipa mkubwa wa ubongo, akapata madhara pande zote mbili, mahali panapokaribiana sana na V5. Aliweza kusoma. Alizijua rangi, alitambua nyuso na vyombo, na kitu kikipitishwa juu ya ngozi yake aliuhisi mwendo wake sawasawa, na sauti ikihama aliifuata. Ila macho yake yalikuwa yamenyang'anywa mwendo. Alipomimina chai, aliiona imeganda hewani kati ya birika na kikombe, na kwa kuwa hakuona kiasi chake kikipanda, hakujua lini aache, hata ikafurika. Katika chumba chenye watu zaidi ya wawili alishikwa na fadhaa akaondoka, kwani watu walikuwa hapa, mara wako pale, naye hakuwaona wakienda. Mazungumzo yalimchosha kwa sababu hakuona midomo ikicheza. Njiani aliliona gari lipo mbali, na alipotaka kuvuka gari likawa limekwisha fika. Baadaye alijizoeza kulikadiria kwa sauti ya injini inavyokua. Watu wa hukumu watazame vizuri hapa: mwanamke huyu alikuwa na kila kitu ambacho kauli yao inahitaji. Alipaona mahali pa kwanza, alipaona pa pili, alikuwa na akili timamu na kumbukumbu, na aliweza kabisa kuhukumu kwamba gari limehama. Hukumu alikuwa nayo. Mwendo hakuwa nao.

La ajabu ni kwamba tiba ingeweza kulijua jambo hili mapema zaidi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari wa Kiskoti George Riddoch alichapisha, mwaka 1917, habari za askari waliopigwa kisogoni ambao katika sehemu ya uoni iliyopofuka hawakuona kitu kilichotulia lakini walihisi kitu kikitikisika. Gordon Holmes, aliyekuwa na madaraka makubwa zaidi katika fani hiyo, aliikataa maana ya habari hizo, akishikilia kuwa uoni ni mmoja na hauvunjiki vipande. Na kwa heshima ya jina lake mlango ukafungwa kwa zaidi ya nusu karne. Elimu nayo ina mabwana wake, na hoja dhaifu ya mkubwa hukaa muda mrefu kuliko hoja imara ya mdogo. Mwaka 1991 Zeki na wenzake, kwa mashine ya kupima damu iendavyo ubongoni, waliwaonyesha watu wazima wenye afya miraba iliyotulia na miraba inayokwenda, wakaliona eneo la pembeni mwa ubongo likiamka kwa ile inayokwenda.

Hapa ndipo penye sharti nililolitaja mwanzo. Baada ya ushindi huo, vitabu vingi vilianza kuandika kana kwamba V5 ni chumba cha mwendo, na atakaye kuona aingie humo. Kisa cha Munich chenyewe kinakataa. Gunnar Johansson wa Uppsala, Uswidi, alikuwa ameonyesha mwaka 1973 kwamba mtu akifungwa taa ndogo kumi hivi kwenye viungo vyake na kupigwa filamu gizani, watazamaji, ambao huona nukta tu zisizo na maana akiwa ametulia, humtambua kuwa ni binadamu atembeaye mara tu anapopiga hatua. Mwaka 1996 ilitangazwa kwamba mwanamke yule yule, asiyeweza kuona chai ikimiminika, alipoonyeshwa nukta za namna hii aliweza kutambua mtu anatembea au anafanya kazi gani, ijapokuwa hakuweza kusema anaelekea wapi, na zilipochanganywa na nukta nyingine zilizotulia alipotea kabisa. Basi kuna mwendo wa miili ya viumbe, ambao una njia yake. Kuna mwendo wa ulimwengu mzima unaotupita tunapotembea, ambao hushughulikiwa na seli zilizo jirani na V5. Na zipo habari chache zifikazo V5 kwa njia za chini bila ya kupita kisogoni, ambazo pengine ndizo zilizowafaa askari wa Riddoch. Mwendo ni hisi, naam, lakini ni hisi kadhaa zilizopewa jina moja.

Lipo pia suala la macho yenyewe, ambayo huruka mara tatu hivi kwa kila sekunde, na kila mruko huufagia ulimwengu mzima juu ya retina kwa kasi kubwa, wala hatuoni nyumba zikiruka. Msomaji afumbe jicho moja, na jingine alisukume polepole kwa kidole penye pembe ya kope: chumba kitatikisika. Hermann von Helmholtz alilitafakari jambo hili katika karne ya 19, na mwaka 1950 Erich von Holst na Horst Mittelstaedt huko Ujerumani, na Roger Sperry huko Marekani, kila upande bila ya mwingine, walieleza kuwa ubongo unapoiamuru misuli ya jicho hujipelekea wenyewe nakala ya amri ile, ili mwendo uliotokana na amri ukatwe katika hesabu. Kidole hakina nakala. Kwa hiyo chumba hutembea.

Jambo la mwisho ni la barabarani, na linatokana na uchelewaji na uhafifu wa ushahidi. Habari ya jicho huchukua takriban sehemu ya kumi ya sekunde hata iwe uoni, na gari liendalo kilomita 100 kwa saa hukata karibu mita tatu katika muda huo. Romi Nijhawan alidai mwaka 1994 kwamba ubongo hulipa deni hili kwa kukisogeza mbele kitu kiendacho, na wengine wakadai kwamba hungoja kidogo kisha huandika yaliyopita kana kwamba ni ya sasa, na mabishano hayo bado yapo. Uhafifu una matokeo ya wazi zaidi. Peter Thompson alionyesha mwaka 1982 kwamba mistari iliyofifia huonekana ikienda polepole kuliko iliyokolea hata kasi zao zikiwa sawa, na maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba ubongo, usipopata ushahidi wa nguvu, hurudi katika dhana yake ya asili kuwa vitu vingi duniani vimetulia au vinakwenda taratibu. Pia kitu kidogo kilicho karibu hudhaniwa kuwa kitachelewa kufika kuliko kikubwa kilicho mbali, jambo ambalo Patricia DeLucia alilieleza mwaka 1991, na ambalo mwenye kuvuka barabara penye bodaboda na basi hana budi kulijua, kwani basi humtisha kabla ya wakati na pikipiki humfikia kabla ya tisho.

Mwaka 1998 Robert Snowden na wenzake wa Uingereza walichapisha kwamba madereva waliowekwa mbele ya picha iliyofifishwa kama ukungu waliongeza kasi pasipo kujua, na habari hiyo ikaenea sana. Lakini mwaka 2012 Paolo Pretto na wenzake wa Tübingen waliutazama ukungu kwa makini zaidi, wakasema kwamba ukungu wa kweli hauvififishi vitu vyote sawasawa, bali hufifisha vya mbali na kuacha vya karibu wazi, na kwamba dereva katika ukungu wa namna hii hujiona anakwenda mbio kuliko hakika, naye hupunguza mwendo. Kilicholeta udanganyifu wa upande ule mwingine kilikuwa ufifi ulio sawa kila mahali, ambao ni tabia ya kioo kichafu. Naona rai ya Pretto ina uzito zaidi, kwa kuwa iliuiga ukungu kama ulivyo, unaozidi kwa umbali, wala si ufifi ulio sawa kila mahali. Dereva apandaye Limuru au Lushoto asubuhi ya ukungu, basi, atakadiria mwendo wake kwa makosa ya upande mmoja, na yule atokaye katika barabara ya vumbi na kioo cha mbele kimepakwa udongo atakadiria kwa makosa ya upande wa pili, ulio mbaya zaidi. Wote wawili watazame kipimamwendo, na huyu wa pili asimamishe gari, afute kioo.